Gari la Zamani Linapowaka kwa Shida na Kukosa Silensa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Corolla 110, Carina Ti na Starlet bado zinabeba kazi nyingi Nyegezi, Mwanza. Zinapeleka wanafunzi Malimbe, zinashusha abiria stendi ya mabasi, zinapandisha mizigo kwenye vilima vya Mkolani na Butimba. Umri wao hujitokeza asubuhi. Mwenye gari anapiga starta mpaka betri inalegea, na gari likikubali kuwaka linatetemeka, linamisi, na silensa, yaani mzunguko wa enjini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe.

Kinachofuata wengi wanakijua. Wa kwanza anasema badilisha plagi. Wa pili anasema koili. Wa tatu anasema pampu, wa nne anataja kontrol boksi. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi, lakini hakuna aliyepima, na pesa ya ada ya mtoto inaishia kwenye spea iliyochukua nafasi ya spea nzima. Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: usinunue kitu ambacho hujakipima. Vipimo vingi vilivyomo humu havigharimu chochote zaidi ya muda wako.

Enjini ya petroli inadai mambo manne: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate cheche kwa wakati wake, ipate petroli na hewa kwa uwiano unaofaa, na silinda ziweze kugandamiza mchanganyiko huo. Tutayafuata kwa mpangilio, tukianza na yaliyo rahisi. Mifano mingi ni ya Toyota za miaka ya 1990 zenye EFI (nozeli za petroli zinazoongozwa na kontrol boksi) na distributa, maana ndizo zilizojaa mitaani kwetu.

Vifaa na tahadhari

Tafuta mita ya umeme (maltimita), spana ya plagi, spana namba 10 na 12, fila geji, waya mfupi mwembamba, chupa ya kioo yenye mfuniko, chupa ya kunyunyizia maji, tochi na daftari. Geji ya kupimia mgandamizo unaweza kuazima kwa fundi.

Egesha gari mahali tambarare na pa wazi, maana moshi wa eksozi ndani ya banda lililofungwa unaua. Kwa kuwa Mwanza tambarare ni chache, vuta hendibreki na weka jiwe nyuma ya tairi. Asiwepo mtu anayevuta sigara karibu. Starta usiipige zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, kisha ipumzishe nusu dakika.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha andika

Kabla ya kufungua boneti, andika tatizo linatokea lini na kwa namna gani. Chagua linalofanana na lako:

- Starta inazunguka kivivu au inapiga kliki tu: nenda hatua ya 2.
- Starta inazunguka vizuri, gari haliwaki kabisa: hatua ya 3, 4 na 5.
- Asubuhi linawaka baada ya kusumbua, mchana halina neno: hatua ya 5 na 6.
- Likiwa la baridi linawaka, likishapata moto linagoma: hatua ya 4 na 6.
- Linawaka mara moja lakini linamisi au silensa ni mbovu: hatua ya 7 na 8.

Hilo la kugoma likiwa la moto waliokuwa wakivuka Kigongo kwenda Busisi wanalikumbuka. Kabla Daraja la JP Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilimlazimu dereva azime na kuwasha tena juani kila magari yaliposogea. Gari lenye distributa iliyochoka lilijulikana palepale. Leo ugonjwa huohuo unajitokeza ukisimama Usagara kununua kitu dakika kumi, ukirudi gari halitaki.

Angalia na moshi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha hata enjini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi, unaotoweka baada ya dakika chache, hauna shida.

Hatua ya 2: Betri, vichwa na athi

Pima betri asubuhi kabla ya kugusa chochote. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni karibu tupu. Kisha mtu apige starta huku wewe ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au starta inavuta umeme kupita kiasi.

Betri ikiwa nzima na starta bado ni nzito, kagua njia ya umeme. Fungua vichwa vya betri kwa spana namba 10, ukianza na hasi, uvisugue mpaka risasi ing'ae. Halafu weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma tupu cha enjini, starta ipigwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Waya wa athi ulioliwa na kutu umewafanya wengi wabadilishe starta nzima.

Gari likiwaka, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na ushee, alternata haichaji na kesho utarudi palepale. Na kama gari ni otomatiki, usipoteze nguvu za vijana kulisukuma: haliwashwi kwa kusukumwa.

Hatua ya 3: Liulize gari lenyewe

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cheusi ndani ya boneti, kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Swichi ikiwa imefungwa, unganisha TE1 na E1 kwa ule waya mfupi, kisha fungua swichi bila kuwasha enjini na utazame taa ya enjini kwenye dashibodi. Hakikisha umesoma majina ya matundu vizuri, maana ukiunganisha +B na E1 utaunguza fyuzi au waya.

Taa ikimulika haraka haraka bila kukatika, kontrol boksi haijarekodi hitilafu. La sivyo hesabu: ikimulika mara mbili, ikatulia kidogo, ikamulika tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Zinazohusu kuwaka na silensa ni hizi:

- 12: kontrol boksi haipati taarifa ya mzunguko wa enjini kutoka kwenye distributa.
- 14: taarifa ya cheche haifiki.
- 21: sensa ya oksijeni.
- 22: sensa ya joto la maji ya enjini.
- 31: sensa inayopima hewa inayoingia.
- 41: sensa ya throto.

Namba inakuonyesha mtaa. Nyumba lazima uitafute mwenyewe. Namba 22 inaweza kutoka kwa sensa mbovu, waya uliokatika au soketi iliyolegea. Andika namba zote, kisha futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja, uone zipi zitarudi. Kwa magari ya karibuni kama IST, ambayo hayana distributa, tumia mashine ya kusomea, lakini kanuni ni ileile.

Hatua ya 4: Cheche

Toa plagi moja baada ya nyingine na uzipange kwa kufuata silinda zake, usizichanganye. Rangi ya ncha inakupa habari za ndani. Hudhurungi au kijivu hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Plagi iliyolowa petroli haikupata cheche, au gari limejaa mafuta. Yenye utelezi mweusi inapitisha oili. Nyeupe kabisa inasema mchanganyiko una hewa nyingi au silinda inapata joto kupita kiasi.

Kabla ya kuirudisha, mulika tochi kwenye shimo la plagi. Ukikuta oili imetuama, gaskiti ya tapeti kava imekwisha, na oili hiyo inalainisha mpira wa waya mpaka cheche inavuja pembeni. Kubadili plagi bila kubadili gaskiti hiyo ni kazi ya kurudia.

Pengo la plagi pima kwa fila geji. Fuata kitabu cha gari au kibandiko ndani ya boneti. Plagi nyingi za kawaida ni milimita 0.8, na zile ambazo namba yake inaishia na 11 ni milimita 1.1.

Sasa jaribu cheche yenyewe. Chomoa soketi za nozeli ili petroli isipulizwe. Chukua plagi nzima ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi, ifunge kwa waya kwenye chuma cha enjini, kaa mbali nayo na starta ipigwe. Cheche ya buluu inayosikika ikipasuka inatosha. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Usiishike kwa mkono.

Waya wa plagi upime kwa mita: kwa Toyota za aina hii, waya mmoja usizidi kilo-omu 25. Fungua kifuniko cha distributa, tafuta ufa mwembamba, mistari ya masizi na unyevu. Mitaa iliyo karibu na ziwa, Luchelele na Malimbe, hupata unyevu mwingi asubuhi, hasa mvua za Machi hadi Mei, na ufa usioonekana kwa macho unatosha kuiba cheche. Kipimo chake ni cha jioni giza likishaingia: enjini ikiwa inanguruma, nyunyizia waya na kifuniko ukungu wa maji. Mahali panapovuja utaona vicheche vya buluu vikikimbia juu ya mpira, na silensa itayumba saa hiyohiyo. Umeshapata spea ya kununua.

Kwa gari linalogoma likiwa la moto, kipimo cha cheche kifanywe wakati limegoma. Koili, au koili ndogo iliyomo ndani ya distributa, huweza kufanya kazi vizuri likiwa la baridi na kukatika ikipata joto. Ukipima baada ya gari kupoa, utajibiwa kwamba kila kitu ni kizima.

Hatua ya 5: Petroli

Anza na mafuta yenyewe. Toa petroli kidogo kutoka kwenye mpira wa filta, uijaze kwenye chupa ya kioo na uiache nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na mstari utauona. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka na kuacha alama ndogo sana. Ikibaki doa la mafuta, kuna mafuta ya taa au dizeli ndani yake. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, ndiyo maana gari husumbua asubuhi na kugonga likipanda kilima. Uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Nunua kituoni, dai risiti ya EFD, na petroli ya kwenye chupa za barabarani iache.

Pili, pampu. Kwa Toyota nyingi za EFI za wakati huo pampu haianzi kunguruma kwa kufungua swichi tu, inasubiri starta. Usihukumu pampu kuwa imekufa kwa sababu hukuisikia. Kwenye kile kisanduku cha DIAGNOSIS, unganisha FP na +B, fungua swichi, na usikilize kwenye tanki. Isiposikika, angalia fyuzi na relei kabla ya kufungua tanki.

Kipimo hichohicho kinafichua ugonjwa wa asubuhi. Acha gari lilale usiku. Asubuhi unganisha FP na +B kwa sekunde tano, toa waya, kisha piga starta. Likiwaka papo hapo wakati siku nyingine linasumbua, maana yake presha ya petroli inashuka usiku: valvu ya pampu haifungi vizuri, au nozeli inadondosha. Ukizitoa plagi kabla ya kuwasha na kukuta moja imelowa, mshtaki nozeli ya silinda hiyo.

Tatu, regyuleta ya presha. Chomoa kihozi chembamba cha vakumu kilichochomekwa juu yake. Ukikuta petroli ndani ya kihozi, ngozi ya ndani imepasuka, na petroli inaingia enjini kwa mlango wa nyuma. Gari la namna hiyo hutoa moshi mweusi, hunuka mafuta na huwa na silensa nzito. Fundi mwenye geji asome presha kihozi kikiwa kimechomolewa: kwa enjini ya 5A-FE iwe kati ya bar 2.7 na 3 hivi.

Kama gari limejaa mafuta baada ya kupigwa starta mno, kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini na upige starta sekunde tano. Hewa itakausha silinda.

Hatua ya 6: Sensa ya joto

Sensa hii ndiyo inayoiambia kontrol boksi kama enjini ni ya baridi, ili iongeze petroli. Ikidanganya, gari linapewa petroli kidogo asubuhi likashindwa kuwaka, au linapewa nyingi likiwa la moto likalowa. Usiichanganye na ile ya geji ya dashibodi, ambayo kwa kawaida ina waya mmoja. Hii ina waya mbili.

Chomoa soketi na upime kwa omu. Asubuhi ya Nyegezi joto huwa karibu nyuzi 18 hadi 20, na sensa nzima itasoma kilo-omu 2 hadi 3. Enjini ikifika nyuzi 80, itasoma omu 200 hadi 400. Ikisoma kitu kilekile asubuhi na mchana, imekufa. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili, lakini kinarukwa mara nyingi kuliko vyote, na magari mengi yamefungiwa pampu mpya kwa sababu yake.

Hatua ya 7: Hewa na silensa

Fungua boksi la filta ya hewa. Vumbi la barabara zisizo na lami huijaza haraka, na msimu wa wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama mawingu, filta huweza kufunikwa nao. Ipige kofi itoke vumbi, iinue kwenye mwanga wa jua. Usipoona mwanga ukipenya, badilisha.

Halafu tafuta hewa inayoingia kinyemela. Mipira ya miaka 25 hupasuka kwenye mikunjo. Enjini ikiwa kwenye silensa, nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwenye viungo vya hozi za vakumu na gaskiti ya manifoldi ya hewa, mbali na waya za plagi. Mlio ukibadilika ghafla, umefika. Wako wanaotumia petroli kwa kipimo hiki. Usithubutu juu ya enjini ya moto.

Mwisho, ondoa mpira wa hewa na utazame mdomo wa throto. Masizi meusi yanayozunguka kibao yanaziba njia ya hewa ya silensa, na valvu ya silensa huganda kwa masizi hayohayo. Safisha kwa dawa ya kabureta na kitambaa, enjini ikiwa imezimwa na kupoa. Silensa ya 5A-FE ya moto iwe mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Skrubu inayozuia kibao cha throto usiiguse. Kupandisha silensa kwa skrubu hiyo ni kuuficha ugonjwa, na atakayelishika gari baada yako atahangaika mara mbili.

Hatua ya 8: Silinda gani inamisi?

Enjini ikiwa kwenye silensa, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, uende nyingine. Silinda nzima ikizimwa, enjini hushuka na kutetemeka zaidi. Ukichomoa na lisibadilike neno, hiyo ndiyo silinda mgonjwa. Usifanye hivi kwa kuchomoa waya za plagi: utapigwa shoti, na koili inaweza kuungua.

Ukishaijua, hamisha plagi yake iende silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, plagi ni mbovu. Ikibaki, hamisha waya, kama urefu unaruhusu. Ikibaki tena, umebakiwa na nozeli au mgandamizo.

Hatua ya 9: Mgandamizo

Enjini ikiwa ya moto, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya EFI na soketi ya distributa, mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi chini na starta izungushe enjini mara tano kwa kila silinda.

Vitabu vya Toyota kwa enjini za familia ya A, kama hiyo 5A-FE, vinataja takriban psi 190 kwa enjini nzima, 142 kama kiwango cha chini, na tofauti ya silinda kwa silinda isizidi 14. Lakini vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 12. Kwa hiyo psi 165 Nyegezi ni enjini yenye nguvu zake. Asikuogopeshe mtu kwa namba hiyo akuuzie enjini nyingine. Kinachotisha ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake.

Silinda dhaifu itie kijiko kidogo cha oili kupitia shimo la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gaskiti ya silinda hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, gaskiti imekatika katikati yao.

Kwenda gereji na daftari

Fundi mzuri hulifurahia daftari. Mpe alama za hatua ya 1, volti, namba za hitilafu, plagi zikiwa zimepangwa kwa silinda, na ulichokwisha kuhamisha. Badala ya kusema gari langu linasumbua, sema: silinda ya tatu inamisi, plagi na waya nimehamisha, mgandamizo ni sawa na wengine. Hapo fundi atakwenda moja kwa moja kwenye nozeli, na utalipia kazi ya saa moja badala ya siku nzima.

Akikushauri spea, muulize kipimo gani kimemwonyesha hivyo, na uombe ukione. Spea ya zamani ichukue ukaipime nyumbani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uwashe gari asubuhi mbili au tatu, uandike matokeo, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitatu siku moja na gari likapona, hutajua kilichokuwa kibovu, na mwakani utavinunua vyote vitatu upya.